Tathmini ya huduma ya kuandika maisha: mkulima wa Kinangop aliyekuwa diwani

Ipo biashara ambayo imekuwa ikikua kimyakimya jijini Nairobi, nayo ni ya kuandika na kuchapisha vitabu vya maisha ya watu binafsi kwa malipo. Zamani familia nyingi ziliridhika na wasifu wa kurasa mbili ndani ya programu ya mazishi, uliochapwa usiku mmoja kwenye maduka ya River Road na kusomwa haraka kabla mvua haijawatawanya waombolezaji. Siku hizi wapo wanaotaka zaidi ya hapo, tena wanataka kazi ifanywe mzee angali hai, aisome na kuikosoa mwenyewe. Tathmini hii inahusu huduma mojawapo ya aina hiyo, inayotolewa na ofisi ndogo iliyoko Ngara, ambayo familia yetu iliipa kazi ya kuandika maisha ya baba yetu mkubwa, mkulima wa Kinangop aliyekuwa diwani katika Baraza la Kaunti ya Nyandarua, yaani serikali ya mitaa ya enzi zile. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni lawama na wanaofanya kazi pale ni wachache mno. Lililo muhimu kwa msomaji ni kujua atazame nini kabla ya kutoa pesa zake kwa huduma kama hii, iwe ni kwao au kwa washindani wao.

Hukumu yangu ni kwamba waandishi hawa walimwandika mkulima vizuri sana na wakamwandika diwani vibaya sana, hadi tulipowabana. Tofauti hiyo haikutokana na uvivu. Maisha ya shambani hukaa katika kumbukumbu ya mtu, na mzee akiulizwa ataeleza bila kukoma ni ng'ombe gani alikuwa mkaidi na ni mwaka gani viazi vilioza ardhini. Kazi ya udiwani hukaa kwenye karatasi: kumbukumbu za vikao, makadirio ya fedha, vitabu vya risiti za ushuru. Mtu aliyekaa kwenye kamati ya fedha kwa miaka kadhaa hawezi kuikumbuka mikutano yake mmoja mmoja, na mwandishi asiyejua baraza la kaunti lilikuwa na uwezo gani kisheria hajui hata swali la kumuuliza. Hapo ndipo kazi ya kulipwa inapopaswa kutofautiana na mazungumzo ya jioni baina ya mjukuu na babu yake, na hapo ndipo wengi wa watoaji wa huduma hii wanapokwama.

Utaratibu wao ni rahisi kuufuata. Familia hutia sahihi mkataba, hulipa theluthi ya bei kwa M-Pesa au benki, kisha mwandishi mmoja na msaidizi wake husafiri hadi nyumbani kwa mzee kurekodi. Sisi tulichagua kifurushi cha kati, ambacho kilitugharimu shilingi 180,000 kwa nakala 60 zenye jalada gumu, nauli na malazi ya waandishi yakiwa juu yao. Si bei ndogo kwa familia ya watu wa mishahara ya kawaida, na ilibidi tuchange kwa miezi kadhaa katika kundi letu la WhatsApp, huku wengine wakiahidi zaidi ya walichotoa. Hata hivyo bei hiyo inajumuisha uandishi, uhariri, usanifu wa kurasa, kusafisha picha za zamani na uchapishaji, na sikuona malipo yaliyofichwa isipokuwa moja, ambalo nitalieleza mahali pake.

Msichana aliyetumwa kurekodi anastahili sifa bila kusita. Aliingia bomani akamsalimu mzee kwa adabu, akamwita Guka kama vijana wa kwetu wanavyowaita wazee, akanywa uji aliopewa, na hakukitoa kinasasauti mpaka aliporuhusiwa. Mzee huzungumza Kiswahili safi anapohutubia watu na Kikuyu anapokumbuka, na binti huyo alimfuata katika lugha zote mbili bila kumkatiza. Jambo lililonipendeza zaidi ni kwamba aliomba kutembezwa shambani badala ya kukaa sebuleni, kwa maana mzee aliyekaa kwenye kochi husimulia mambo ambayo amekwisha kuyasimulia mara nyingi, ilhali akisimama kwenye mpaka wa shamba hukumbuka ni nani aliyeuhamisha.

Sura za ukulima zilizotokana na matembezi hayo ndizo uti wa kitabu. Zinaanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza kugawa mashamba ya walowezi kwa Waafrika kwa mikopo iliyotoka Uingereza, na familia zipatazo 35,000 zikahamia kwenye ardhi ambayo wengi wao walikuwa wameijua kama vibarua tu. Nyandarua karibu yote ilizaliwa katika mpango huo. Mwandishi hakutosheka kuandika kwamba mzee alipata shamba; alieleza kwamba alipata deni pamoja na shamba, kwamba mkopo wa ardhi ulipaswa kulipwa kwa Wadhamini wa Hazina ya Makazi, chombo cha serikali kilichosimamia mikopo hiyo, katika muda wa miaka 30, na kwamba hatimiliki haikutoka mpaka deni liishe. Wasomaji vijana katika familia, ambao wamezoea kusikia kwamba kizazi kile kilipewa ardhi bure, walishangaa kusoma jinsi barua za kudai malipo zilivyofika mwaka baada ya mwaka, na jinsi majirani walivyouza ng'ombe wa maziwa ili kupunguza deni, kisha wakakosa maziwa ya kulipia deni lililobaki.

Sura ya pareto, zao la maua yanayotolewa dawa ya kuulia wadudu, ni bora kuliko zote, nami ningeipendekeza kwa mtu yeyote hata asiyetujua. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, baridi yake huchelewesha mahindi na kuunguza majani ya viazi alfajiri, lakini pareto huipenda baridi hiyo. Kitabu kinaeleza namna maua yalivyochumwa kwa mkono kila baada ya majuma machache, yakaanikwa, yakapelekwa kwenye chama cha ushirika na kutoka hapo hadi kwenye Bodi ya Pareto huko Nakuru. Kinaeleza pia chanzo cha ugomvi wa kudumu baina ya wakulima na makarani wa chama: malipo yalitegemea kiasi cha sumu ya kuulia wadudu iliyopatikana ndani ya maua na si uzito peke yake, hivyo watu wawili waliopeleka magunia yenye uzito uleule waliweza kulipwa tofauti, na yule aliyepunjwa hakukosa kuamini kwamba ameibiwa.

Katika sura hiyohiyo mwandishi alifanya jambo ambalo hatukuliomba na ambalo lilikipa kitabu uzito. Alimhoji mama yetu mkubwa peke yake, jikoni, na akaandika maneno yake kama alivyoyasema: kwamba maua yalichumwa na yeye pamoja na wanawake wa jirani, lakini namba ya uanachama ilikuwa ya mume wake, hundi ilitoka kwa jina la mume wake, na alijua kiasi kilicholipwa kwa kutazama vitu vilivyoletwa nyumbani. Mzee aliposomewa ukurasa huo alinyamaza kidogo, kisha akasema uachwe hivyohivyo. Sidhani kama mwanafamilia yeyote angethubutu kuuliza maswali yale, na kwa hilo pekee nadhani sehemu ya fedha zetu ilifanya kazi yake.

Sasa nije kwenye udiwani. Mswada wa kwanza ulipotufikia, sura ya utumishi wa mzee katika baraza, kuanzia uchaguzi wa 1974 hadi alipong'olewa 1988, ilikuwa na kurasa sita tu, nazo zilijaa sifa ambazo zingeweza kuwekwa juu ya mtu yeyote. Iliandikwa kwamba alijenga shule za msingi, akaleta zahanati, akatengeneza barabara na kusimamia kwa haki ardhi ya udhamini ya wananchi. Karibu kila dai kati ya hayo lilikuwa na kasoro. Mnamo mwaka 1970 Serikali Kuu ilizinyang'anya halmashauri za kaunti, ndiyo mabaraza haya, majukumu matatu makubwa, yaani elimu ya msingi, afya na barabara, na mwanzoni mwa muongo huohuo kodi ya mtu binafsi iliyopangwa kwa kipato, iliyokuwa nguzo ya mapato yao, ikafutwa. Diwani aliyechaguliwa mwaka 1974 aliingia katika baraza ambalo halikuajiri mwalimu wa shule ya msingi wala muuguzi. Zilizobaki mikononi mwake zilikuwa shule za chekechea, masoko, machinjio, leseni za biashara, ushuru wa mazao, na maombi ya kila siku ya watu walioamini kwamba bado ana uwezo wa baraza la zamani.

Kosa la ardhi lilikuwa baya zaidi, kwa sababu lilionyesha kwamba aya nzima ilinakiliwa kutoka kitabu cha mteja mwingine. Ardhi ya udhamini ilikuwa katika maeneo yaliyokuwa hifadhi za Waafrika enzi za ukoloni, na huko ndiko halmashauri za kaunti zilikoishikilia kwa niaba ya wakazi. Nyandarua ilitokana na mashamba ya walowezi, kwa hiyo karibu ardhi yote ya wakulima ilikuwa chini ya wadhamini wa makazi na si chini ya baraza. Diwani wa Narok au wa Kajiado angeweza kuandikiwa aya ile na ikamfaa. Kwa diwani wa Kinangop ilikuwa kama kumvisha mtu koti la marehemu mwingine. Tulipomwonyesha mhariri, hakubisha wala hakutoa visingizio, jambo ambalo ni la kuheshimika, lakini alitueleza kwamba utafiti wa nyaraka haumo katika kifurushi cha kati na kwamba tukiutaka tungeongeza shilingi 25,000. Hayo ndiyo malipo niliyoyataja hapo awali. Mkataba ulisema "uhakiki wa taarifa", na familia yetu ilielewa kwamba uhakiki ni kutafuta ukweli; wao walimaanisha kuhakikisha majina na tarehe zinafanana kutoka sura moja hadi nyingine. Yeyote atakayesaini mkataba wa namna hii aulize kwanza, na jibu liandikwe.

Tuliongeza fedha hizo, na ninaamini hatukupoteza. Mwandishi alielekea kwenye Nyaraka za Kitaifa za Kenya, katika lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki hapo awali, ambalo wapita njia wengi wanalijua kama mahali pa kukutania tu. Ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa miezi michache mwaka 1966, lakini hazina ya mtu anayetafuta habari za serikali za mitaa iko katika chumba cha kusomea, kwenye ripoti za mwaka za wilaya na majalada ya halmashauri. Nilifuatana naye ili nijionee. Wahudumu walikuwa wastahimilivu, jalada likaletwa mezani, na ndani ya karatasi zilizogeuka rangi tukamkuta mzee wetu akiwa ameandikwa kwa herufi za taipureta, akiunga mkono hoja ya kupunguza ada ya meza kwa wanawake wanaouza mboga siku za soko. Yeye mwenyewe alikuwa ameisahau kabisa. Gazeti Rasmi la Serikali nalo lilisaidia kuthibitisha chaguzi, na kwa kuwa matoleo mengi ya zamani yanapatikana siku hizi mtandaoni, kazi hiyo mtu anaweza kuifanya akiwa nyumbani kwake Kayole au Rongai bila kulipa senti kwa mtu.

Sura mpya iliyotokana na utafiti huo ilifikia kurasa thelathini na kitu, na ndani yake ndimo mkulima na diwani walipokutana kwa mara ya kwanza katika mswada wote. Mkutano huo ulikuwa juu ya ushuru wa mazao. Baraza lilihitaji ushuru huo kwa sababu halikuwa na chanzo kingine kikubwa cha mapato, na diwani aliyetaka soko lizungushiwe ua alipaswa kupiga kura ya kutoza gunia la viazi lililopita kizuizini. Lakini asubuhi iliyofuata diwani huyohuyo alikuwa mkulima anayepakia viazi vyake mwenyewe kwenye lori la mfanyabiashara wa Nairobi. Ushuru ulitozwa kwa gunia na si kwa kilo, basi mfanyabiashara akawa na kila sababu ya kulishindilia gunia mpaka lifumke, kulirefusha kwa kamba na kulivika kofia ya wavu, ndiyo ile lumbesa tunayoiona hata leo ikishushwa Wakulima Market. Mkulima alilipwa bei ya gunia moja kwa mzigo uliokaribia magunia mawili, na baraza likapata ushuru wa gunia moja. Mzee anasema alilieleza baraza jambo hilo kwa hesabu za mkulima, akipendekeza mazao yapimwe kwa mizani, na kwamba jibu alilopewa ni kuwa hakuna fedha za kununua mizani.

Kurasa hizo ningeziweka mbele ya mtu yeyote anayejadili bei za viazi nchini. Kanuni za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, na bado lumbesa haijatoweka barabarani. Mwandishi hakuhubiri, aliweka hoja ya diwani wa wakati ule kando ya kanuni ya sasa, akamwachia msomaji. Aliongeza pia, kwa kifupi na kwa usahihi, kwamba mabaraza yalisubiri hadi sheria ya 1998 ndipo yakapata mgao wa uhakika wa asilimia 5 ya kodi ya mapato, yaani miaka kumi baada ya mzee kuondoka, na kwamba mabaraza yenyewe yalifutwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali 47 za kaunti zilipochukua nafasi yake. Kuna kijana katika familia yetu aliyekuwa akidhani kwamba mzee alikuwa mwakilishi wa wadi kama wa siku hizi, mwenye mshahara wa mwezi na ofisi ya wadi. Sasa anajua kwamba mzee aliishi kwa posho ya vikao, na kwamba ofisi yake ilikuwa kivuli cha mti ulio karibu na kituo cha kukusanyia maziwa, ambako watu walimjia huku wakisubiri lori.

Uchaguzi wa 1988 umeandikwa kwa ustadi. Huo ndio mwaka wa mchujo wa mlolongo, ambapo wapiga kura wa KANU, chama pekee wakati ule, walisimama foleni nyuma ya mgombea au wakala wake mbele ya macho ya kila mtu, chifu akiwemo. Mzee anasimulia jinsi alivyoiona foleni yake ikiwa ndefu na akasikia matokeo yakitangazwa kinyume, kama walivyolalamika wagombea wengi kote nchini mwaka ule. Mwandishi alikuwa mwangalifu kutowataja waliohusika, akatumia maneno ya mzee yenyewe bila kuyatia chumvi. Alipata pia simulizi ya jirani aliyesimama kwenye foleni ya mshindani, ambaye alikiri bila aibu kwamba alihofia kunyimwa kibali cha kukata mbao. Simulizi ya mtu wa upande wa pili ndiyo inayotenganisha kitabu cha maisha na hotuba ya kampeni.

Kwa sababu hiyohiyo nasikitika kwamba ujasiri huo uliwaishia walipofika kwenye ploti za soko. Mtu yeyote aliyeishi mashambani wakati wa mabaraza ya kaunti anajua kwamba kugawa ploti za biashara katika vituo vya soko kulikuwa miongoni mwa mamlaka machache yenye manufaa yaliyobaki kwa madiwani, na kwamba huko ndiko sifa mbaya ya madiwani ilikotokea. Mzee wetu ana ploti katika kituo kimoja. Kitabu kinaitaja katika sentensi moja, kana kwamba iliota hapo. Nilimwomba mhariri aulize ilipatikanaje, naye akanijibu kwamba mteja wao ni familia na kwamba wao hawaandiki kesi. Baadhi ya ndugu zangu walimuunga mkono, na tulijadiliana kwa ukali ambao sikuutazamia. Mwishowe nilimuuliza mzee mwenyewe, na jibu lake lilikuwa fupi na la wazi: aliomba kama walivyoomba wengine, alilipa ada kama walivyolipa wengine, lakini hakujidanganya kwamba ombi la diwani na la muuza mkaa yalisomwa kwa jicho moja. Sentensi hiyo ingekipa kitabu heshima kuliko picha zote za rangi zilizomo. Haimo, kwa sababu wakati huo kurasa zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa mchapaji.

Lugha ya kitabu ni jambo jingine la kuzingatia. Ofisi hii huandika kwa Kiingereza isipoambiwa vinginevyo, na wateja wao wengi huridhika hivyo. Sisi tulitaka Kiswahili, kwa sababu mzee na rika lake ndio wasomaji wa kwanza, na kwa sababu wajukuu waliozaliwa Mombasa na Eldoret hawajui Kikuyu cha kutosha. Sura za ukulima ziliandikwa kwa Kiswahili kinachotiririka. Sura ya baraza ilipokuja mara ya pili ilikuwa na ugumu wa nyaraka zilizotafsiriwa neno kwa neno, sentensi zikiwa zimejipinda na vitenzi vikiwa vya kutendwa tu, mpaka usijue ni nani aliyepitisha, aliyekataa au aliyeahirisha jambo. Tuliirudisha, ikanyooshwa kwa kiasi, ingawa bado utakuta ukurasa ambamo "ilionelewa kwamba" imetumiwa mara nyingi kuliko inavyovumilika. Nyaraka za baraza ziliandikwa kwa Kiingereza wakati mijadala yenyewe iliendeshwa kwa Kiswahili na Kikuyu, na mwandishi angekuwa huru zaidi kurudi kwenye sauti za watu waliokuwa ukumbini badala ya kufuata kalamu ya karani.

Kuhusu uchapaji sina mengi. Karatasi ni nzito, jalada limeshonwa na si kugandishwa kwa gundi tu, na picha za zamani zilisafishwa bila kuwafanya watu waonekane kama sanamu za nta. Picha moja ya mzee akiwa amevaa koti la mvua kando ya mitungi ya maziwa imechapwa kurasa mbili pamoja, na mkunjo umepita katikati ya uso wake. Hilo lingezuiliwa na msanifu yeyote makini. Nakala za nyumbani zilitumwa kwa matatu za Nyamakima na zikafika siku hiyohiyo zikiwa kavu.

Je, ningependekeza huduma hii? Kwa familia ambayo mzee wao alikuwa mkulima tu, mfanyabiashara au mwalimu, ndiyo, kifurushi cha kati kinatosha na kazi itakuwa nzuri. Kwa familia ambayo mtu wao alitumikia baraza, chama cha ushirika au kamati yoyote ya umma, kifurushi hicho hakifai bila utafiti wa nyaraka, na ningependa kuiona ofisi hiyo ikiacha kukiuza kwa watu wa namna hiyo bila kuwaeleza. Mwenye muda anaweza kupunguza gharama kwa kufanya utafiti huo mwenyewe kabla ya kuwaita waandishi. Aanze kwa kukusanya kila karatasi iliyobaki nyumbani, kuanzia risiti za ushirika, barua za wadhamini wa makazi na mialiko ya vikao hadi kadi za chama, kwa kuwa tarehe moja kwenye barua humwokoa mtafiti kupekua majalada ya miaka mingi. Kisha aende Moi Avenue akiwa na majina ya kamati na miaka anayoitafuta. Asitegemee magazeti kupita kiasi. Nilipitia matoleo ya zamani ya Taifa Leo nikitumaini kumwona mzee, na nilichogundua ni kwamba diwani wa mashambani hakuwa habari ila alipogombana na mtu.

Jambo la mwisho la kuangalia katika mkataba ni sauti. Rekodi walizofanya ni za saa nyingi, na ndani yake mna mambo ya majirani, ya ndoa na ya mipaka ambayo hayakuingia kitabuni na hayapaswi kuingia. Mkataba tuliopewa haukusema rekodi hizo ni za nani wala zitakaa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, lakini ni rahisi zaidi kuandika kifungu kimoja mapema kuliko kudai haki baadaye. Tulikiandika kabla ya kulipa awamu ya mwisho, wao wakakubali bila ubishi, na wiki iliyofuata wakatuletea rekodi zote kwenye diski pamoja na barua iliyotiwa sahihi kwamba hawakubaki na nakala.